Kumbukumbu za Kikao, Langoni

Kikao kilifunguliwa saa kumi na robo,
robo ikiwa ya kumngoja Lali Kupi, mwenye ufunguo,
aliyekuja na kaimati badala ya kuomba radhi.
Chumba ni kile kile, juu ya duka la fundi Shekuwe:
cherehani mbili mbovu, na meza iliyopigiwa pasi
mpaka mbao zake zikawa laini kama shavu.
Waliohudhuria: saba. Udhuru: Kamande,
boti ya Mokowe haikupata abiria.
Akidi imetimia. Katiba yasema watano,
na paka hahesabiwi.

Yatokanayo. Pangaboi bado halijatengenezwa,
na hakuna aliyelalamika.
Mwaka jana liliwaka ghafla,
Oman, Hungaria na Tanganyika zikaruka pamoja hadi barazani.
Tulizikota mpaka adhana ya magharibi,
na kipepeo mmoja wa Msumbiji
hadi leo haijulikani alikotua.

Kisha bakuli la maji vuguvugu,
vipande vya bahasha vikielea, nyuso juu.
Usivute, asema Bi Mwanamkuu,
gundi ikichoka itakuachia yenyewe.
Miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la posta:
ulimi wake, asema, umeilamba dunia nzima
kwa mgongoni.

Famau na Twalib walibishana nusu saa juu ya jino moja.
Stempu iliyong'oka jino, ni stempu
au ni kibogoyo tu mwenye picha?
Kura: tatu kwa tatu.
Mwenyekiti alikuwa anatafuna.

Ndipo Zulfa, miaka kumi na moja, mwanachama tangu Ramadhani,
akafungua kopo la biskuti la marehemu nyanya yake.
Bahasha moja, kingo nyekundu na bluu.
Stempu ya bandari, kijani cha embe bichi,
ya nane katika seti ambayo Twalib anazo saba
na amekuwa akiiota kwa sauti
tangu tumfahamu.
Akatoa albamu yake nzima ya Unguja. Kwa hiyo moja.
Kibano kilikuwa tayari mkononi.

"Haijafunguliwa," akasema Zulfa.

Bi Mwanamkuu akaigeuza, akaweka lenzi.
Nyuma, muhuri wa kupokelea: LAMU, Machi 1978,
umelalia kushoto kama mtu anayesikiliza ukutani.
"Ndoo, tazama kwa mato yako.
Huu ni wangu. Mwezi ule mpini ulivunjika,
nikawa nagonga kwa kiganja."

Barke binti Shee alikuja dirishani kila Jumatatu,
miezi kumi na mmoja, akiuliza kwa kidevu tu.
Barua ikafika Alhamisi.
"Sikungoja Jumatatu. Nilimpelekea kwa mguu.
Akaipokea, akaipima kiganjani
kama mtu anunuaye nyama, akasema:
Haina uzito wa mtu.
Akanikaribisha chai."

Hakuna aliyesema kitu.
Bakulini stempu zilikwisha kujibandua,
zikawa zinagongana taratibu.
Sote twajua mvuke wa birika waweza kuitoa stempu
bila kuigusa barua.
Famau anajua zaidi yetu. Famau alitazama dirisha.

Azimio halikupigiwa kura.
Twalib alifunua ukurasa wa seti yake,
na kwenye kisanduku cha nane, kilicho wazi,
akaandika kwa penseli, herufi ndogo:
Ipo. Kwa Zulfa.
Kisha akakaa muda mrefu akichonga penseli
ambayo tayari ilikuwa kali.

Mengineyo. Kitasa kitiwe mafuta.
Michango ya Rajabu bado kwa wanachama wawili,
majina nayahifadhi.
Kaimati zilikwisha.

Lisiloingia kwenye daftari la chama:
nilipompa Zulfa bahasha airudishe koponi
nami niliipima.
Sijui Barke alikuwa akitarajia uzito gani.
Mkono wangu ulishuka kidogo.

Kikao kijacho, Jumamosi ya mwisho.
Kila mtu aje na kibano chake.